Kisanduku cha Kijivu

Alhamisi, saa tisa na dakika ishirini alasiri, mchoro wa kampuni ulikuwa ukutani kwa mara ya pili, na safari hii hakuna aliyesinzia. Mara ya kwanza wakuu wa idara waliutazama kama watu wanavyotazama picha za harusi ya mtu wasiyemjua. Sasa mkurugenzi wa fedha alikuwa ameuchapisha kwenye karatasi kubwa na kuujaza alama za kalamu nyekundu.

Kampuni ilijaza mitungi ya oksijeni na kuipeleka hospitalini na kwenye karakana za kuchomelea. Kwa miaka mingi kila idara ilijinunulia programu zake za kompyuta, na hakuna aliyekuwa na uhakika ipi inamsaidia nani. Msanifu wa mifumo aliagizwa aichore kampuni nzima kwa tabaka tatu. Juu alichora kazi: kupokea oda, kujaza mitungi, kusafirisha, kudai malipo. Katikati alichora programu zinazobeba kazi hizo. Chini alichora mashine ambazo programu hizo zinakaa ndani yake. Mishale iliunganisha tabaka moja na jingine. Kazi iliyobebwa na programu inayoifaa ilipakwa kijani. Programu isiyobeba kazi yoyote ilipakwa nyekundu.

Mkurugenzi wa fedha aliweka ncha ya kalamu kwenye kisanduku cha kijivu, kona ya juu kushoto.

"Hiki hapa. Uani, mapokezi ya mitungi mitupu. Hakiingii popote, hakitoki popote. Kinafanya nini?"

"Mchoro hauonyeshi," msanifu alisema.

"Nauliza kinafanya nini."

"Nami najibu kwamba mchoro hauonyeshi. Kwenye ufunguo, kijivu maana yake taarifa hazikukamilika."

Mkuu wa usafirishaji, ambaye uani ulikuwa chini yake, aliweka kikombe mezani. "Taarifa nilizitoa mwenyewe. Mitungi inashushwa kwenye lori, inapangwa, inasogezwa. Basi. Dereva anaweza kuishusha moja kwa moja kwenye ukumbi wa kujazia, akaondoka zake."

"Na kile chekundu cha katikati?" mkurugenzi wa fedha aliuliza.

"Ni programu ya kufuatilia mitungi," mkuu wa usafirishaji alijibu. "Ilinunuliwa mwaka juzi. Haitumiwi na mtu."

"Tunailipia?"

"Tunailipia."

"Basi vyote viwili vitoke. Programu isiyo na kazi na kazi isiyo na faida."

Msanifu alisimama. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, mwenye tabia ya kusoma maandishi madogo ya chini ya ukurasa kabla ya makubwa ya juu. "Naomba ikumbukwe kwamba uani unaongozwa na mume wangu. Nilitangaza hilo siku ya kwanza, na kitengo hicho sikukihoji mimi."

"Tunajua," mkurugenzi wa fedha alisema, na sauti yake haikuwa na ubaya. "Ndiyo maana tunauamini huu mchoro. Umempaka mumeo kijivu. Nani mwingine angethubutu?"

Watu wawili walicheka. Ikaamuliwa kwamba uani ufungwe mwisho wa mwezi, vibarua wanne wahamishiwe kwenye upakiaji, na mume wa msanifu, mkaguzi wa mitungi, ambaye cheo chake hakikuwa na kingine cha kufanana nacho, aitwe na ofisi ya utumishi.

Msanifu alikunja waya wa projekta polepole. Alikuwa anajua jambo ambalo hakulisema. Mwenzake aliyetakiwa kuuhoji uani alikwenda likizo ya uzazi kabla ya zamu yake kufika. Mahojiano yakafanywa kwa simu na mkuu wa usafirishaji, huku mkuu huyo akitafuna. Msanifu aliyasoma majibu hayo wiki kadhaa nyuma, akaona ni mepesi. Alipaswa kuomba mtu mwingine arudie. Hakuomba, kwa sababu neno lolote kutoka kwake kuhusu uani lingesikika kama mke anayembembelezea mumewe.

*

Nyumbani, mkaguzi alikuwa amepiga magoti chini ya sinki la jikoni, bomba limefunguliwa, raba ya zamani ameibana kwa meno. Mama yake, ambaye aliishi nao, alikuwa sebuleni akikunja shuka. Mlango kati ya vyumba hivyo viwili ulikuwa wazi, kama siku zote.

"Leo nitavunja sheria," mke alisema.

Mkaguzi alitema raba. "Sheria ipi?"

"Ya kuacha kazi getini."

Walikuwa wamekubaliana hivyo tangu mke alipoajiriwa kwenye kampuni anayofanyia kazi mumewe: mambo ya ofisini hayapandi ngazi za nyumbani. Hawakuwahi kuikiuka.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Wanafunga uani mwisho wa mwezi."

Mkaguzi aliendelea kutazama bomba. "Nani kasema?"

"Kikao."

"Kikao kimejuaje habari za uani? Sijawahi kumwona hata mmoja wao kule, labda yule aliyekosea njia ya choo."

"Wametumia mchoro."

"Mchoro kauchora nani?"

Mke alifungua mdomo ajibu. Kutoka sebuleni sauti ikajibu kwa niaba yake. "Si huyo aliyesimama mbele yako?"

"Mama, tafadhali."

"Mimi nakunja shuka. Nimesema nini?"

Mkaguzi alijifuta mikono, akainuka, akakaa kwenye kiti cha jikoni. "Umenichoraje?"

"Kisanduku cha kijivu. Hakina mshale."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Alicheka, cheko la kweli, ambalo lilimtisha mkewe kuliko matusi. "Hata yule paka wa kantini angepata mshale. Si anakula mabaki? Miaka yote hii niko uani, sijampita paka."

"Niambie sasa," mke alisema, akavuta kiti. "Mtungi ukishuka kwenye lori, nini kinafuata?"

"Unaniuliza kama mke wangu au kama msanifu?"

"Kama wote wawili."

"Basi sijibu." Aliinua kidole, si kwa hasira, bali kama mtu anayeonyesha ufa ukutani. "Mwanzoni mwa kazi hii ulikaa kwenye kiti hichohicho. Ukaniambia, baba watoto, sitakuuliza lolote na wewe usiniambie lolote, watasema nimekupendelea. Nikasema sawa. Nilikuelewa. Leo nikikueleza, kesho ukachora mshale, watasema nini?"

"Watasema nimekupendelea."

"Na watakuwa na haki."

"Kwa hiyo utakubali kupoteza kazi kwa ajili ya kanuni?"

"Si wewe ulinipaka kijivu kwa ajili ya kanuni?"

Maji yaliyobaki kwenye bomba yalidondoka ndani ya ndoo. Mke aliisogeza ndoo kwa mguu.

"Una miaka hamsini na miwili," alisema hatimaye.

"Najua umri wangu."

"Na bima ya mama iko kwenye jina lako. Kwangu hawaandiki mkwe."

Sebuleni shuka zikaacha kukunjwa. Bibi huyo alikwenda kliniki kila mwezi kwa ajili ya moyo, na dawa zake tatu zilitolewa kwa kadi ile. Wote wawili jikoni waligeuza macho mlangoni.

*

Habari zilifika kantini kabla ya chai ya Ijumaa.

"Kaka," mpakiaji mmoja alimwita mkaguzi toka meza ya pili, "ni kweli shemeji kakupaka kijivu? Mbona hakukuhurumia, si angekupaka hata buluu?"

"Buluu ni ya mabosi," mwingine alijibu. "Huyu bwana ana bahati hakupakwa chokaa, tukamdhania ukuta."

Mkaguzi alicheka nao, akamaliza chai yake, akarudisha kikombe dirishani. Aliporudi uani alimkuta kijana wa utumishi akimsubiri, pamoja na dereva wa kampuni ya nje ambayo ingeleta mitungi baada ya mwisho wa mwezi. Kijana alizungumza kwa heshima zote. Alimwomba mzee wake amzungushe dereva, amwonyeshe mahali pa kugeuzia lori, lango linavyofungwa, na kiunzi cha kupangia mitungi.

Mkaguzi alimzungusha. Alimwonyesha hata mahali ambapo saruji imebonyea na tairi linaweza kukwama.

"Na wewe mzee," dereva aliuliza walipomaliza, bila nia mbaya, "kazi yako hapa ilikuwa nini hasa?"

"Kusimama," mkaguzi alisema.

Nyumbani mama alikuwa ameanzisha utaratibu wake. Hakumsemesha mkwe wake moja kwa moja. Maneno yake aliyapitisha kwa mwanawe, hata wakiwa watatu meza moja. "Mwambie mkeo chai yake inapoa." Mke alikuwa umbali wa kunyoosha mkono. "Mama anasema chai yako inapoa," mkaguzi alisema, bila tabasamu. "Mwambie nimesikia," mke alijibu. Jumapili bibi alipigiwa simu na dada yake, akatoka nayo kibarazani, lakini alizungumza kwa sauti ya mtu aliyeko ng'ambo ya mto. "Ndiyo hivyo, ndugu yangu. Kafukuzwa kazi na mke wake mwenyewe, na wanakula sahani moja. Hapana, hawajagombana. Hicho ndicho kinachonishangaza."

Hawakuwa wamegombana, ni kweli. Walipeana zamu ya bafu na kuulizana kama mlango umefungwa. Usiku ule mke alilala akijua kwamba mumewe ana jibu, na kwamba jibu hilo halimhusu yeye kuliomba.

*

Jumatatu asubuhi msanifu alikwenda ofisi ya mkurugenzi wa fedha kabla hajaweka mkoba wake mezani.

"Umekuja kumwombea," mkurugenzi alisema.

"Nimekuja kuripoti kosa. Majibu ya uani yalikuwa mepesi. Niliyaona wiki kadhaa zilizopita nikanyamaza. Ni kosa la kazi, na naomba liandikwe hivyo kwenye faili langu."

Mkurugenzi alivua miwani. "Ulinyamaza kwa nini?"

"Niliogopa litakavyoonekana."

"Na leo huogopi?"

"Naogopa vilevile. Lakini mmesoma kijivu kama hakuna kazi. Maana yake ni kwamba hatujui. Mnafunga kitu ambacho hakuna mtu katika chumba kile aliyekuwa anakijua, mimi nikiwemo. Siombi kisanduku kibadilishwe. Naomba kihojiwe upya na mtu asiye mimi. Kikirudi kijivu, kifungeni."

"Hata kama ni mumeo?"

"Alipaswa kuhojiwa hata kama ni mume wangu. Hapo ndipo nilipokosea."

Mkurugenzi alitazama dirishani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeambiwa apunguze gharama. "Kikao cha Alhamisi," alisema. "Na wewe usiguse faili lile hata kwa kipanya."

*

Aliyepewa kazi ni yule mwenzake, aliyekuwa amerudi toka likizo ya uzazi siku hiyohiyo. Ofisini walimwita Profesa, kwa kuwa hakuweza kukubali jibu kabla ya kuliuliza mara mbili. Alisoma ukurasa wa majibu ya mkuu wa usafirishaji, akaufunika, akashuka chini. Hakwenda uani wala hakumtafuta mkaguzi. Alikwenda mlango wa mwisho, mahali mitungi iliyojaa inapopakiwa kwenda hospitali, akagusa mtungi mmoja na kuanza kuufuata kinyumenyume.

Wapakiaji walimwambia wanapakia kwa orodha inayotoka kwenye programu ya mauzo. Kwenye mchoro mshale huo ulikuwepo. Mwenye stoo alimwambia anaupokea mtungi toka ukumbi wa kujazia na kuuingiza kwenye programu yake. Mshale huo nao ulikuwepo. Profesa akaingia ukumbini, ambako mjazaji alikuwa ameketi mbele ya mabomba kumi na mawili yaliyopangwa kama nyuzi za kinanda.

"Mashine hii inakuambia mtungi upi ujaze?"

"Hapana dada. Inaniambia umejaa kiasi gani."

"Upi ujaze unajuaje?"

Mjazaji alimtazama kama aliyeulizwa anajuaje kwamba ana njaa. "Wenye chaki."

"Chaki gani?"

"Ya uani." Aliinamisha mtungi mmoja amwonyeshe. Begani mwa mtungi kulikuwa na mstari mweupe, mfupi. "Mstari mmoja, jaza. Msalaba, usiguse."

"Ukikuta hauna alama?"

"Naurudisha."

"Hata kama tuko nyuma ya oda?"

"Dada, nina watoto. Oksijeni haina utani."

Profesa aliacha kuandika. Walikuwa wamehesabu kila programu, kila kompyuta, hata fotokopi ya ghorofa ya pili. Uamuzi mzito kuliko yote, wa mtungi upi unafaa kupewa mgonjwa, ulipita toka idara moja hadi nyingine kwa mstari wa chaki, na hawakuuona kwa sababu walikuwa wanatafuta skrini.

Ndipo akaenda uani.

Mkaguzi alijibu kila swali. Profesa ndiye aliyetakiwa kumuuliza tangu mwanzo. Alimwonyesha namba zilizogongwa kwenye chuma, zinazoeleza lini mtungi ulipimwa shinikizo kwa mara ya mwisho. Aligonga mtungi mmoja kwa nyundo ndogo ukalia kama kengele, akagonga mwingine ukatoa sauti ya sufuria iliyopasuka. Alimwonyesha valvu yenye utando wa mafuta, akaeleza kwamba mafuta na oksijeni ya shinikizo vikikutana huwaka. Nyuma ya ukuta kulikuwa na mitungi ya misalaba, imelazwa safu juu ya safu.

"Hii imeandikwa wapi?" Profesa aliuliza.

"Juu ya mtungi wenyewe."

"Mahali pengine?"

"Kwa nini pengine? Mtungi ndio huo, unaona."

"Mvua ikinyesha?"

"Iliyolowa tunaikagua upya."

"Yote?"

"Inayoonekana imefutika."

Profesa alichukua kipande cha chaki kwenye kopo, akachora msalaba begani mwa mtungi. Kisha akalowesha kidole kwa mate, akafuta mstari wa kulala wa msalaba. Ulibaki mstari mmoja, mfupi, mweupe.

"Huu sasa unasemaje?"

Vibarua wawili waliokuwa wanasukuma toroli walisimama. Mkaguzi aliinama juu ya mstari ule, na alipozungumza sauti ilikuwa ya mtu aliyevuka barabara kisha akasikia breki nyuma yake.

"Unasema jaza."

"Imewahi kutokea?"

"Sijui." Aliketi juu ya toroli. "Hilo ndilo jibu la kweli, dada. Sijui."

"Mwaka juzi ililetwa hapa kompyuta ya kufuatilia mitungi, pamoja na skana."

"Ililetwa."

"Ikawaje?"

"Niliikataa." Alisema waziwazi, kama anavyosoma namba kwenye chuma. "Nilisema chaki haihitaji umeme. Nilisema wao wana haraka ya kununua vitu. Iko kwenye kabati la mkuu wa usafirishaji, nadhani. Nilijiona nimeshinda."

Profesa aliandika yote mawili: kwamba bila uani mitungi mibovu ingeingia moja kwa moja kwenye ukumbi wa kujazia, na kwamba uani, kama ulivyo, una hatari ambayo mwenyewe hakuiona. Kisha akaufungua mchoro kwenye kompyuta yake ya mkononi. Juu kulikuwa na kazi isiyo na programu. Chini yake, kwenye tabaka la katikati, karibu wima kabisa, kulikuwa na kisanduku chekundu cha programu isiyo na kazi. Alivuta mshale mmoja toka kimoja hadi kingine. Haukuhitaji hata kupinda.

*

Alhamisi msanifu hakuruhusiwa kuingia kikaoni. Alikaa kwenye benchi la koridoni, kando ya mashine ya fotokopi, mikono mapajani kama mzazi aliyeitwa shuleni. Mumewe alikuwa ameitwa ndani, amevaa ovaroli safi. Walipopishana mlangoni alimwambia neno moja tu: "Kola." Mke alimwekea kola vizuri.

Kupitia mlango sauti zilisikika bila maneno. Sauti ya Profesa, ndefu na sawa. Sauti ya mkuu wa usafirishaji, ikipanda, kisha ikikatwa. Halafu sauti ya mumewe, fupi. Kisha mtu akacheka, na msanifu hakuweza kujua ni cheko la aina gani.

Simu yake ilitetemeka. Alikuwa mama mkwe, ambaye hakuwa amempigia wiki nzima. Aliitazama mpaka ikanyamaza.

Mlango ulifunguliwa. Wakuu wa idara walitoka wakizungumzia mambo mengine, kama watu wanavyotoka mazishini. Mkaguzi alitoka wa mwisho, akaketi kwenye benchi.

"Haya?" mke aliuliza.

"Yule wa fedha kaniuliza, hii chaki mnanunua wapi, sijawahi kuiona kwenye matumizi. Nikamwambia binti yetu alikuwa anarudi nayo toka shule, vipande vilivyobaki. Wakacheka."

"Nauliza uamuzi."

"Wameuliza kama naweza kutumia skana."

"Ukasemaje?"

"Nikasema nimeikataa mara moja. Mara ya pili watanisikia nikiomba."

"Baba watoto. Uamuzi."

"Uani unabaki." Alivuta pumzi. "Unatoka usafirishaji unaingia ubora. Chaki inakwisha mwisho wa mwezi. Vibarua wote wanabaki. Mimi nafundishwa wiki mbili kwenye mfumo wa mazoezi, mkuu wa ubora akiridhika nabaki na cheo changu. Asiporidhika..." Alifanya ishara ya mlango.

"Ataridhika."

"Wewe huruhusiwi kusema hivyo. Una maslahi."

Hapo mke alicheka, akaendelea kucheka mpaka akafunika uso kwa viganja, na mumewe akatazama kushoto na kulia kama kuna mtu anayewaona. Alipotulia alisema, "Mimi nimepewa onyo la maandishi."

"Nimesikia. Wamelisoma mbele yangu."

"Ni haki."

"Ni haki," mkaguzi alikubali. "Hata mimi ningeandikiwa, kama wangekuwa na karatasi ya kumwandikia mtu aliyekataa kompyuta. Mama kapiga?"

"Kapiga. Sikupokea."

Mkaguzi alitoa simu yake, akapiga, akaweka sauti wazi kati yao wawili.

"Mama, bima ipo."

Upande wa pili mtu akapenga kamasi. "Nilijua. Mimi sikuwa na wasiwasi. Mwambie mkeo..." Sauti ilisita. "Hebu nipe mwenyewe."

"Nakusikia, mama."

"Mwanangu, ukirudi pitia sabuni ya kufulia. Ile ya kipande, usiniletee ya unga. Na usichelewe, nimeshaweka maji ya chai."

"Nitapitia, mama."

"Haya. Na pole na kazi."

*

Wiki ya kwanza ya mafunzo mkaguzi alirudi nyumbani na shingo inayouma kwa kuinamia skrini. Alishika skana kama anavyoshika nyundo, akiisogeza mtungini kwa nguvu, mpaka Profesa alipomwambia kwamba namba inasomwa, haigongwi. Wiki ya pili aliuliza maswali matatu ambayo waliouza mfumo hawakuweza kuyajibu, na mengine mengi waliyoyajibu kwa urahisi kabisa. Ijumaa mkuu wa ubora alisaini kwamba ameridhika. Mkaguzi aliichukua nakala yake, akaikunja, na jioni akaiweka juu ya meza mbele ya mama yake, ambaye aliitazama bila miwani na kusema sahihi ni nzuri.

Jumatatu mfumo wenyewe ukawashwa. Lori la kwanza lilishusha mitungi uani. Mkaguzi alisoma namba ya mtungi wa kwanza kwa skana, akatazama tarehe kwenye chuma, akagonga, akasikiliza, akafungua kifuniko cha valvu na kuweka kidole. Alikinusa kidole. Kisha akabonyeza kitufe cha kukataa.

Ghorofa ya pili, karani wa ubora aliona mstari mwekundu kwenye skrini. Ulikuwa mtungi wa kwanza kukataliwa katika kumbukumbu zote za kampuni, na aliamini kuna kitu kimeharibika. Alimpigia msanifu.

"Dada, mfumo wako unaonyesha mtungi mbovu. Ni hitilafu?"

"Swali hilo siwezi kulijibu," msanifu alisema. "Nina maslahi. Piga uani."

Karani akapiga uani. Simu ililia kwa muda kabla ya kupokelewa.

"Samahani mzee, kuna mstari mwekundu hapa kwangu. Ni hitilafu ya mfumo?"

"Hapana. Valvu ina mafuta."

"Kwa hiyo mimi nifanye nini?"

"Inakuuliza nini hapo kwako?"

"Inauliza, thibitisha kukataliwa: ndiyo au hapana."

"Bonyeza ndiyo."

Karani akabonyeza. Ukumbini kwa mjazaji namba ya mtungi ule ikafutika kwenye orodha ya kujazwa.